Sahani Imeondoka, Mfuniko Umebaki

Mpendwa Shangazi Thelma,

Nisaidie mwenzio kabla sijaitia moto gereji yangu, maana tatizo langu ukilisikia utacheka, mume wangu ameshacheka mpaka akakaa chini, lakini mimi tangu Jumapili chakula hakipiti, na yote haya kwa sababu ya mchezo wa kujifanya tuko angani.

Mchezo wenyewe unachezwa mezani, watu wanne, kwenye gereji yangu hapa Ulverstone, kila Jumapili mchana, hita ya kuni ikiwaka na gari likiwa limefukuzwa nje kwenye mvua, na kila mchezaji anajifanya mtu fulani ndani ya chombo kinachosafiri kati ya nyota, mimi ndiye mwamuzi, nawaeleza wanaona nini, wao wanasema wanafanya nini, na pale isipojulikana kama jambo litafaulu tunarusha dadu, basi, hakuna anayeshinda wala anayeshindwa, ni hadithi tunayoipika pamoja. Majina nitayaacha yalivyo kwa sababu hata nikiyaficha, nyinyi wa pwani hii mtatujua tu. Kuna Tevita, jirani yetu Mtonga aliyekuja kuchuma stroberi akaoa hapa hapa, yeye ndiye rubani. Kuna Dougal, mdogo wa mume wangu, fundi umeme, ambaye kwenye chombo ndiye fundi mitambo. Na kuna Rhona wa duka la mikate, daktari wa chombo, rafiki yangu tangu dawati la darasa la kwanza, na ukweli ni kwamba mchezo huu niliuanzisha kwa ajili yake, maana mama yake alipofariki hospitalini Rhona alikuwa amekwenda kununua chai, akarudi akakuta kitanda kimefunikwa, na baada ya mazishi akawa hatoki nyumbani ila kwenda kazini, nikamwambia njoo gereji Jumapili, tutaruka angani, akaja, na alipotua alikuwa anacheka.

Tulianza na kitabu cha Dougal, Shangazi, kinene kama tofali, ambacho kuumba mtu wako tu kulituchukua Jumapili kadhaa, na mtu wa Tevita alikufa akiwa bado anasomea urubani, kabla hata hatujaanza kucheza, Tevita akauliza, "Sasa mimi nimekuja kucheza au kuzikwa?" Kwa hiyo nikatafuta mfumo mwepesi, nikapata mmoja ambao kanuni zake zote zinaenea ukurasa mmoja, tukaupenda mno, tukacheza kwa raha. Halafu Dougal akauliza, je, chombo kikitoboka hewa inakwisha kwa kasi gani? Swali zuri, nikaandika kanuni ndogo. Akauliza, je, bunduki ya mwanga inapenya kioo? Nikaandika. Akauliza ikiwa mtu ameketi na mvutano unaomshikilia sakafuni umezimika, kiti kinamhesabia faida au hasara? Nikaandika, Shangazi, nimeandika kanuni ya viti, na sasa ukurasa ule mmoja umekuwa faili lenye vigawio vya rangi vya kutenganisha kurasa, na faili hilo ni nene kuliko tofali la Dougal.

Sasa Jumapili iliyopita chombo cha maadui kiliharibika karibu na chetu, ndani mna majeruhi wanalia waokolewe, na wenzetu wanabishana wawaache au wawachukue, mara Rhona akasimama. Rhona ambaye kwenye mazishi ya mama yake hakutoa neno alisimama katikati ya gereji, akanyoosha mkono kama anashika kitasa, akasema, "Nafungua mlango. Ingieni. Mimi nikiwepo hapa hafi mtu peke yake."

Tevita alifuta macho, usimwambie nimekuambia. Na kabla kuni hazijalia tena ndani ya hita, Dougal akainua kalamu.

"Samahani, Daktari. Huo mlango upande wa pili hauna hewa. Kuna kanuni ya milango."

"Dougal, kaka, nyamaza," Tevita akasema.

"Sibishi! Nauliza tu. Shem, hebu angalia kwenye faili, si uliiandika mwenyewe?"

Na mimi nikafungua faili. Nikatafuta milango nikaikuta inagongana na hewa, nikarudi kwenye hewa ikanipeleka kwenye viti, Dougal ananisaidia kufunua kurasa, "siyo hiyo, Shem, ya kijani," na Tevita akasema, "Jamani, mwanamke amefungua mlango. Mlango si umefunguka?" na nilipoinua kichwa kutoa jibu Rhona alikuwa ameshakaa, mikono mapajani, chai yake imepoa.

Baada ya hapo ndipo lilipotokea la kutokea. Wewe unajua desturi yetu, kila mtu anakuja na sahani yake ya kitu, chini yake kuna utepe wenye jina, na sahani haibebwi siku ile ile, inabaki kwa mwenye nyumba mpaka mara nyingine, anayeibeba ndiye asiyerudi, kabati langu nusu yake ni sahani za watu. Tevita alikuwa ameacha ile ya magimbi yake na nyama ya kopo kwenye tui, Dougal kama kawaida alileta soseji za dukani kwenye mfuko wake. Rhona akahamishia keki zake za chokoleti na nazi kwenye karatasi, akaiosha ile sahani yake ya bluu, akaikausha, akaitia kwapani. Nikamwambia acha tu, Rhona, utaichukua Jumapili. Akasema, "Hapana, Glenys. Nitaihitaji." Ataihitajia nini, Shangazi? Ana kabati zima! Nami tangu siku hiyo nikiingia gereji naona mfuniko wa sahani ile uko juu ya friji unanitazama, na simu yake haipokewi, na dukani ananihudumia kama mteja, "Mkate mweupe au wa ngano, mama?" Mama! Mimi!

Nimekwisha tafuta mifumo mingine myepesi ya hadithi za anga, nimebakiwa na mitatu. Wa kwanza unatumia dadu moja tu: ukipata namba kubwa umefaulu, ndogo umeshindwa, ya kati umefaulu lakini kuna gharama. Wa pili unatumia karata, nyekundu heri, nyeusi shari. Wa tatu hauna dadu kabisa, kila mtu anapewa bakuli la maharage na jambo gumu unalilipia harage. Naomba uniambie nichague upi ili Rhona arudi, maana nikikosea tena nimempoteza, na mchezo bila yeye siutaki hata wa bure.

Ni mimi,
Nahodha wa Gereji, Ulverstone

SHANGAZI THELMA ANAJIBU:

Nahodha,

Nimecheka, ndiyo. Nilicheka mpaka nilipofika pale kwenye mlango, na hapo nikaweka kikombe changu chini. Pole mwanangu. Pole na Rhona zaidi.

Nikupe jibu la swali lako kwanza usije ukasema nimekupiga chenga. Chagua dadu moja. Karata usiguse, mimi nacheza karata kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa na kuna watu wazima pale hawajasalimiana tangu daraja jipya lijengwe, kisa karata moja ya shupaza. Maharage nayo Dougal atayahesabu, kisha atakuuliza harage lililopasuka lina thamani gani, na wewe nakujua sasa, utaiandika.

Lakini hebu niambie, mama wa faili. Mfumo mwepesi si ulikuwa nao? Ukurasa mmoja, mkaupenda, mkacheza kwa raha, maneno yako hayo. Nani aliunenepesha? Dougal aliuliza, kuuliza si dhambi. Kalamu alikuwa nayo nani? Haba na haba hujaza kibaba, na wewe kibaba chako kimejaa viti. Nikikupa mfumo mwingine leo, kufikia msimu wa viazi utakuwa na vigawio vya rangi tena.

Mimi sijui hewa inatoroka kwa kasi gani huko angani. Najua hili: kila kanuni kwenye faili lile ni mara moja ambayo ulitakiwa kumwambia shemeji yako "hapana" ukashindwa. Unaogopa atanuna, mume wako atasema umemkosea mdogo wake, chakula cha Krismasi kitakuwa kichungu. Ukafunika kombe mwanaharamu apite, na hajapita, amevuta kiti akakaa, na kiti chenyewe umekiandikia kanuni. (Simwiti Dougal mwanaharamu. Mama yake husoma safu hii, hujambo Beryl.) Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi umelia wewe, na kabla yako amelia Rhona, ila yeye amelia kwa kuosha sahani.

Na hapo ndipo ninapokugombeza hasa. Rafiki yako alipokuwa amesimama na mkono hewani, hakuwa anafungua mlango wa chombo. Hilo Tevita aliliona, na ndiye mgeni kuliko nyote pwani hii. Alikuwa hospitalini, Glenys, safari hii amewahi, amerudi na chai kabla kitanda hakijafunikwa. Nawe ukamwambia subiri kidogo, natafuta ukurasa. Hakuna mfumo duniani, mnene wala mwembamba, ungeweza kukufanya uinue macho pale. Hiyo ilikuwa kazi yako.

Basi, machozi futa, kazi ipo. Dougal mwite peke yake, mpe chai, umwambie hivi: "Shem, mitambo ya chombo chote nakuachia. Ukisema injini inafanya kazi namna fulani, ndivyo inavyofanya, na hakuna wa kukubishia wala dadu ya kurusha. Lakini mtu akiwa anaongea, huinui kalamu." Nakwambia atafurahi. Watu wa namna yake nawajua, nimeolewa na mmoja; Dougal hatafuti ugomvi, anatafuta mahali ambapo ujuzi wake unahitajika, naye hajaonyeshwa, kwa hiyo anauingiza popote. Akitaka kanuni mpya, achague kwanza ipi ya zamani inatoka. Akinuna, na anune. Kununa hakujaua mtu Ulverstone. Na mwambie aache mifuko ya dukani, alete sahani kama watu.

Faili liwashie hita. Lote, na vigawio vyake, ingawa plastiki ivue kwanza, usije ukanifukizia mtaa.

Sasa Rhona. Umeniandikia barua ndefu kuhusu sahani iliyoondoka, na mstari mmoja umeupita mbio. Mfuniko uko juu ya friji yako. Mwanangu, mimi nimezaliwa pwani hii na nimebeba sahani kutoka nyumba nyingi, nyingine nilizoapa kutokanyaga tena. Mwanamke aliyemaliza kabisa anabeba na mfuniko wake. Rhona ameosha sahani, ameikausha, amehamisha keki kwenye karatasi moja moja, hana haraka, halafu asahau mfuniko ulioko mbele ya macho yake? Usiniambie. Ameacha mlango wazi kidogo, kama kawaida yake.

Kwa hiyo usimpigie simu tena, wala usiende dukani kusimama kwenye foleni na uso wa msiba. Nenda nyumbani kwake Jumapili hii, saa zile zile za mchezo, wenzako wakisubiri gereji. Beba mfuniko. Kanuni zako mpya ziandike kwenye karatasi inayoenea ndani ya mfuniko huo, na zisipoenea, punguza mpaka zienee. Akifungua, usiombe radhi ndefu ndefu, umeshaandika za kutosha. Usimweleze dadu. Usimtaje Dougal. Mpe mfuniko wake mkononi, kisha umwambie ulichopaswa kumwambia Jumapili ile kabla kuni hazijalia:

"Daktari, mlango umefunguka. Wote wameingia wazima. Wanauliza wewe ni nani."

Halafu nyamaza, umsikilize.

Shangazi Thelma