Kitambaa Kilipokwama

Baba mkwe, shikamoo.

Huku Robanda mvua imekata na wajukuu wako hawajambo. Jana mwanao Winfrida alikuwa akikagua ndege kabla ya safari. Aliizungushia kitambaa kebo inayovuta usukani wa mkia, akakipitisha taratibu. Kikakwama. Nilichungulia, sikuona kitu. Akaikunja kebo kidogo, nyuzi tatu zilizokatika zikachomoza. Akaizuia ndege. Bosi alifoka mbele ya watalii, akamwambia atafute kazi kwingine. Winfrida akatia ufunguo wa ndege mfukoni: “Sawa, bosi. Lakini hairuki.”

Najua ulimkataza asisomee ufundi. Ana kwa ana nisingethubutu kukugusia jambo hilo, ndiyo maana naandika: rubani wa safari ile nilikuwa mimi.

Mkweo,
Wangwe