Karabai ya Mama Mkwe na Dhamana ya Mwaka Mzima

Shikamoo Bi Mshauri,

Nnakuandikia kichwa kimenivurugika, nikianza kukueleza hili nnajikuta nshafika kwenye lile, basi nivumilie. Mimi ni kijana mwenye duka la taa za karabai na majiko ya mafuta huku Mkunazini, duka nimeachiwa na marehemu baba, na wenzangu wa mtaa huu wote wanauza karabai zile zile zilizoshuka katika meli moja, sasa nikajiuliza mtu aje kwangu kwa lipi, nikapata fikra, nikatundika kibao mlangoni: "Ukinunua karabai hapa una dhamana ya mwaka mzima. Ikiharibika ilete, tutaitengeneza bure." Bi Mshauri, hapo ndipo nilipojitia mashakani. Ami yangu, Mzee Silima, alipokiona tu akanambia, "Mwenye mali nzuri haapi! Wewe unawatangazia watu kuwa taa zako zinaharibika!" Mzee mmoja wa shamba naye akakisoma pole pole, akaniuliza, "Na mwaka ukisha, unakuja kuichukua?" Nikamwambia la, babu, taa ni yako, akaondoka huku ananitazama kama mwizi.

Wa kwanza kununua kwa dhamana akawa Bi Mwanakhamis wa Kikwajuni, na huyu ndiye mama yake Mize, na Mize ndiye niliyemposa, harusi yetu ni Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, inshallah. Basi Bi Mwanakhamis karabai yake hamnyimi mtu, mwenye maulidi huazima, mwenye harusi huazima, mwenye hitima huazima, imekwenda Kiembe Samaki, imekwenda Uroa juu ya gari la shamba, wallahi taa ile imetembea Unguja kuliko mimi. Ikarudi haina kioo, nikatia kioo. Ikarudi haiwaki sawasawa, nafungua, kumbe mtu kakichokoa kitundu cha mafuta kwa sindano ya kushonea mpaka kimepanuka, nikabadilisha. Juzi imeletwa tena, imejaa masizi, haitoi hata cheche, nikamuuliza kwa adabu, "Mama, safari hii nani aliyeitumia?"

Loo! Alivyonitazama! "Wanitaka nikutajie majirani zangu, Matar? Kibao chako kinasema ikiharibika ilete. Mimi nimeileta." Akaiacha juu ya meza, akajitanda buibui lake, akatoka bila ya kuaga.

Sasa ami ananambia nikiondoe kibao na taa niirudishe vile vile ilivyo, ati dhamana ni ya mnunuzi, si ya mtaa mzima. Nikimsikiliza yeye, posa yangu je? Na nikiitengeneza, kesho Kikwajuni yote si itaniletea vyuma vyao, na huyo Mize nitamlisha nini? Labda mama ananijaribu. Labda hanijaribu, taa imeharibika tu, basi. Karabai iko hapa mbele yangu nami sithubutu kuigusa. Nisaidie, mama yangu, maana hata sijui kama nnakuuliza habari ya taa au habari ya mke.

Ni mimi Matar, Mkunazini.

*

Marahaba, mwanangu Matar. Pole, nimekusikia. Sasa tulia nikwambie, na mengine hayatakupendeza.

Ami yako mpe heshima yake, lakini kibao usikiondoe. Neno umelitoa mwenyewe, hukushikwa mkono. Ukilila neno lako kwa karabai, nani atakuamini kwa mwanawe?

Tena wewe mfanyabiashara gani? Unanung'unika taa imefika Uroa! Harusi nzima imekaa chini ya taa yako, watu wamesomeana maulidi kwa mwangaza wake, na hakuna hata mmoja aliyejua imetoka duka gani. Bi Mwanakhamis anakutembezea biashara bure nawe umenuna! Hebu chukua rangi, andika jina la duka lako kwenye tangi lake, herufi kubwa, halafu iache izunguke.

Na hiyo sindano. Ulipomuuzia ulimwonyesha namna ya kuisafisha? Hukumwonyesha. Ulipokea fedha, ukamfungia taa yake, ukamwambia kwaheri. Basi nusu ya kosa ni yako.

Ulitakiwa useme tangu mwanzo: ikiharibika yenyewe ni juu yangu, ikivunjwa ni juu ya aliyeivunja. Nani asiyelijua hilo hapa Unguja? Ukiazima sufuria ya watu ukaitoboa, unainunua. Wanunuzi wako wapya waambie hivyo kabla hawajatoa fedha, na uwaambie kila mwenye kuazima aipitishe dukani kwanza, umfundishe kupiga pampu na kusafisha, usimtoze kitu. Akiwa hapo atazitazama taa zako nyengine zilivyopangwa, na mtu huchoka kuazima. Lakini Bi Mwanakhamis huwezi kumwekea sharti leo na alinunua jana. Yake itengeneze mpaka mwaka wake uishe, tena kwa uso mkunjufu.

Unaniuliza kama anakujaribu. Sijui, na wewe yakuhusu nini? Nami nimeozesha mabinti, sikufichi: mkwe angenipokea kwa "nani aliyeitumia", ningejitanda buibui langu nikaenda zangu vile vile. Mize ataugua siku moja, kama wanavyougua watu. Mama mtu anataka kujua siku hiyo utatafuta dawa au utatafuta wa kumlaumu.

Basi acha kuitazama hiyo karabai. Isafishe leo, uichukue Kikwajuni kwa mikono yako, usimtume mtu. Iwashe mbele ya Bi Mwanakhamis, umwonyeshe kila kitu pole pole, na umwombe radhi kwa lile swali lako. Halafu kabla hujaaga, mwombe akuazime taa hiyo kwa harusi yako.

Na ukiivunja, utailipa.