Mlimani kwa Marehemu

Maskati,
Mwisho wa Shaabani 1390 (Oktoba 1970)

Mdogo wangu mpenzi Nasriya,

Assalaam alaikum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama, na kifua cha mama kiwe kimepoa sasa baridi ya Mombasa imekwisha. Mimi kwa mwili sijambo. Mengine utayasoma humu ndani, na nnakuomba uyasome peke yako, mlango umeufunga, kabla hujampa mama hata salamu zangu.

Barua yako niliipata, pamoja na khabari kwamba mama hatimaye amekubali kuolewa na Maalim Ishaq baada ya Idi. Nilifurahi mpaka nikalia. Tangu tutoke Unguja mama hajavaa nguo ya rangi, hajacheka kicheko chake kile cha kuinamisha kichwa, yote kwa ajili ya marehemu baba. Nikamkimbilia Amur na barua mkononi, nikamwambia mama anaolewa. Nilitegemea mume wangu atafurahi nami. Aliniuliza lini, nikamwambia. Akatoka nje, chai yake akaiacha inapoa. Nilidhani ana mambo ya kazini.

Sasa nikueleze safari. Tangu mambo yabadilike hapa mwezi wa Julai, Sultani alipotolewa na mwanawe, watu wamepata kupumua. Zamani ukitoka jioni ndani ya ukuta wa Maskati lazima ushike taa, na kwenda bara ilikuwa kwa ruhusa. Wazungu wa kampuni ya mafuta anakofanya kazi Amur wakaona nao wapate kuupanda Jebel Akhdar kwa miguu, siku kadhaa, wakilala kwenye mahema, wapate kuona vijiji na magofu. Mke wa mhandisi mmoja ndiye aliyelishika jambo hili. Kwao ni kawaida kwenda likizo ya kuchoka. Aliwahi kutembea hivyohivyo huko Peru, Marekani ya Kusini, kwenye magofu ya wafalme wa Inka juu ya milima, na tangu hapo, aliniambia, kila akiona mlima miguu inamuwasha. Amur alitakiwa awe mkalimani wa wanaume. Bibi huyo akaomba na mimi niende, ili tukifika vijijini apate kuingia ndani kwa wanawake.

Amur alikataa. Kwanza akasema njia mbaya, kisha akasema watu watatusema. Siku ya pili akaja Ami Sleyum mwenyewe, yule rafiki wa baba, ameshika fimbo yake, akaketi ukumbini. Unakumbuka ni yeye aliyetujia Mombasa baada ya mapinduzi, akamwambia mama kwamba baba amefia chomboni njiani kuja Oman na kwamba wamemzika baharini. Ni yeye aliyenileta huku, akanilea nyumbani kwake, na kwake ndiko nilikoolewa. Nilimpenda kama baba. Akaniambia, "Mwanangu, kule juu hakuna kitu. Mawe na baridi tu. Utafuata nini?" Nikamjibu kwamba kule ndiko asili ya baba, na mimi ningependa kuiona ardhi aliyokuwa akitusimulia tukiwa wadogo. Alinitazama muda, kisha akamtazama Amur.

Bibi Mzungu alishikilia, mhandisi akamuamuru Amur, basi tukaenda.

Landrova zilitufikisha chini ya mlima. Kutoka hapo punda walibeba mahema na sisi tukafuata nyuma ya kiongozi wetu, Aflah, mtu wa kulekule, mwembamba, ana bunduki begani na viatu hana. Nasriya, sijapata kuchoka vile. Njia imechongwa kwenye mwamba, ngazi juu ya ngazi, upande mmoja ukuta na upande wa pili hakuna kitu ila kunguru wanaoruka chini yako. Lakini nilifurahi! Hewa ilikuwa baridi, ina harufu ya majani makavu, na kila tukipumzika Aflah alitupa tende na kahawa. Bibi Mzungu alinisemesha njia nzima, nami nikamfasiria Aflah, na Aflah akatuonyesha matuta ya mashamba yaliyojengwa kwa mawe tangu enzi hata babu zake hawazijui, yameshuka bondeni kama ngazi za jitu. Bibi akasema ni kama Peru kabisa. Amur peke yake ndiye aliyekuwa hana furaha. Alikuwa akitembea nyuma, na nikimgojea husimama kufunga kamba za viatu.

Tulipofika juu, kwenye nchi tambarare, tukaona vijiji vilivyovunjwa katika vita vya miaka kumi na kitu nyuma, ndege ziliporusha mabomu. Kuta zimesimama nusu, na milango imebaki haina nyumba. Bibi alipiga picha chache, kisha akaiweka kamera mkobani. Aflah akasema kiko kijiji kingine mbele, ukingoni mwa bonde, kimebomoka upande mmoja, na upande wa pili watu wamerudi wanaishi, na huu ndio wakati wa kuchuma makomamanga. Amur akasema haraka kwamba njia hiyo ndefu, twende kwingine. Aflah akamshangaa. "Ndefu? Si uliipita mwenyewe, mwaka ule uliokuja kwa yule mzee?"

Amur akasema amemfananisha. Aflah hakubishana, na bibi akataka kijiji hichohicho. Mimi nikalichukua neno lile nikatembea nalo.

Kijijini wanaume walibaki kunywa kahawa na wazee, mimi na bibi tukashuka mashambani. Makomamanga yalikuwa yamejaa vikapuni. Nilijikwaa kwenye mfereji wa maji, nikasema kwa Kiswahili, "Masikini mimi, nimerowa!" Kitoto cha kike, pengine cha miaka minne au mitano, kilichokuwa kimekaa juu ya ukuta, kikacheka, kikanijibu kwa Kiswahili, "Pole."

Kule juu, Nasriya, hakuna anayejua Kiswahili. Nikamsogelea nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema baba. Nikamuuliza jina lake nani.

Akaniambia, "Nasriya."

Sikufikiri lolote. Naapa sikufikiri. Mwanamke mmoja akamwita mtoto kutoka chini ya mti, na mwanamume aliyekuwa naye akageuka kuona mtoto anasema na nani. Ana ndevu nyeupe, amevaa kama watu wa mlimani. Alishika shina la komamanga kwa mkono wa kushoto, kwa vidole viwili visivyokunjika, vidole vya baba.

Alisema, "Muhsina."

Unajua nilifanya nini? Nilikwenda nikambusu mkono. Mwili ulikwenda wenyewe kabla ya akili. Mpaka leo nauosha mdomo.

Bibi Mzungu akafahamu kwamba pana jambo, akamchukua mtoto wakaenda kuangalia maji. Yule mwanamke, Kheiria jina lake, mjane wa vita ambaye baba amemuoa, akatutazama mara moja, akainua kikapu chake akaondoka. Tukabaki mimi na baba. Nikamwambia tulikulilia. Nikamwambia mama alikukalia eda na hakuivua mpaka leo. Akasema anajua. Anajua, Nasriya! Sleyum alikuwa akimletea khabari zetu zote.

Basi akanihadithia. Siku ile ya mapinduzi, watu wenye mapanga walipoingia mtaani kwetu, aliruka ukuta wa uani. Sisi tulikuwa ndani, unakumbuka, tumejifungia stoo. Akasema, "Nilimsikia mama'ko ananiita kwa jina. Sikurudi. Nilikimbia mpaka pwani." Alipofika Oman hakuweza kuandika. Akamuomba Sleyum atwambie amekufa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mtu aliyekufa wanawe humuombea rehema. Mimi mngeniombea nini?"

Nikamwambia ulitukimbia mara moja kwa khofu, hilo ningelisamehe. Mara ya pili ulikaa ukafikiri, ukachagua.

Hapo akalia. Na katika kujitetea akasema neno ambalo nadhani alitaka linifurahishe. Akasema, "Lakini sikukutupa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuoza. Amur alipanda mpaka hapa kunitaka ruhusa, kwa kuwa Sleyum hakuthubutu kukuoza bila ya idhini ya walii wako na wewe baba'ako yu hai. Nikamtazama, nikampenda, nikamfanya Sleyum wakili wangu."

Nasriya, nilikumbuka siku ya harusi, niko chumba cha ndani na hina mikononi, nasikia mlangoni shekhe anasema kwa uwakili, kwa uwakili, nami nadhani Sleyum amewekwa na kadhi kwa kuwa mimi yatima. Nililia siku ile kwa kukosa baba wa kuniozesha. Na Amur, upande wa pili wa mlango, akijua.

Nikageuka. Alikuwa amesimama juu kwenye njia, yeye na Aflah, hata sijui tangu lini. Nikamuuliza kweli? Akasema, "Nilimpa ahadi." Nikamwambia, "Na mimi ulinipa nini?" Akainama kushika kamba za viatu vyake.

Ndipo ikanijia khabari ya Maalim Ishaq, na chai aliyoiacha Amur, na kwa nini. Nikamuuliza baba, "Mama ulimuacha?" Akasema hapana, hakuwahi, alikuwa akimpenda, na alidhani kwa kumwambia amekufa amemfungua. Angeolewa, Nasriya! Mama yetu, na swala zake zile, angeolewa naye yu mke wa mtu, na wanaume watatu, baba, Sleyum na Amur, wangekaa kimya wakala biriani ya harusi kwa mawazo tu.

Nikamwambia, "Muache sasa hivi. Mashahidi hawa hapa." Alisita. Akasema jambo hili lina wakati wake, tupumzike kwanza, tule. Nikamwambia sili chakula chako, na simami hapa kama mwanao, nasimama hapa kwa ajili ya mama. Aflah akashuka, akaweka bunduki chini, akasema kwa sauti ya upole kwamba mwanamke huyu anasema haki. Baba akamtaja mama kwa jina lake, Sayyida, na jina la baba'ake, akatoa talaka, akasema hatomrejea. Sauti ilimkatika katikati na akairudia yote. Aflah na Amur wakashuhudia.

Sikumuaga. Nilimaliza safari na Wazungu, nikawafasiria kila gofu waliloliuliza, kwa kuwa bibi yule hana kosa, na mlima hauna njia nyingine ya kushuka. Jioni hema letu niliingia mimi na bibi, Amur akalala na wenye punda.

Sasa nnakaa kwa Shaikha, jirani yetu wa zamani wa Malindi kule Unguja, aliyeolewa hapa ndani ya ukuta. Ami Sleyum alikuja kuniomba radhi, sikutoka. Amur anakuja kila alasiri, anakaa barazani, Shaikha anampa maji, anaondoka. Sijui nitafanyaje. Kilichonichoma zaidi ni kwamba ndoa yangu ni halali, tena kwa ile ruhusa ya baba waliyonificha.

Shekhe wa hapa amesema mama akae eda ya talaka, kuanzia siku ile aliyoachwa. Kwa hiyo harusi baada ya Idi haiwezekani. Lazima aambiwe, na lazima uwe wewe, kwa kuwa mimi niko mbali na barua haiwezi kumshika mtu mkono. Mwambie asubuhi, akishakunywa chai. Usimfiche hata neno moja, hata lile la kuruka ukuta. Ameshafichwa ya kutosha.

Na yule mtoto asilaumiwe. Aliponiona naondoka alinifuata mpaka mwisho wa kuta, akanipa komamanga, akaniuliza kama nitarudi. Nilimwambia sijui, na hilo ndilo neno pekee la kweli nililoweza kumpa.

Mpe mama salamu zangu baada ya kumwambia, si kabla. Msalimie Maalim Ishaq kwa heshima, umuombe asubiri. Ramadhani iwafikie kwa salama, mniombee katika funga zenu.

Ni mimi dada'ako, mtoto wa Sayyida,
Muhsina