Kadi za Maji Zimekwenda Msibani

Alhamisi usiku, Ruangwa

Na tenki la bomba letu limejaa! Hicho ndicho kinachoniuma.

Tangu watufungie bomba la kisasa hapa mtaani, maji hayatoki mpaka uguse mashine yake kwa kadi ya malipo. Sisi tukaendelea na mazoea yetu: anayewahi kuamka anawatekea majirani wote. Anayewahi ni Mama Zuhura, basi kadi zetu zote anakaa nazo yeye, kazifunga kwenye pindo la kanga.

Leo alfajiri kaletewa habari ya msiba wa dada yake, huko kijijini Nambilanje. Kaondoka na kanga ile ile.

Tukasimama bombani na ndoo zetu, tunaangaliana. Mama yangu anaharisha tangu jana, shuka safi zimeisha, na ndani nina nusu dumu la maji. Nikaigusa mashine kwa kiganja, kama mwehu. Ikawaka taa nyekundu.

Nikampigia Mama Zuhura. Nilisikia vilio kwanza, halafu sauti yake: "Mwanangu, ndiyo wanampeleka kaburini sasa."

Nikampa pole, nikakata.

Mama kaniuliza hivi punde kama maji yamepatikana. Nimemjibu yanakuja. Yanakuja kutoka wapi...

Fundi aliyeifunga mashine alijisifu kwamba haihitaji mlinzi. Zamani tulikuwa na mzee wa bomba, mkali kama pilipili. Lakini ukimwambia, "Baba, nina mgonjwa," alitafuta funguo huku anagomba.

Leo sikuwa na wa kumbembeleza.