Ndagala Niliyokunyima

Mama yangu kipenzi,

Unakumbuka siku tuliyotoka hospitali, hapa Albertville, mwaka ule wa vita? Muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita munganga, alinivuta pembeni akaniambia uvimbe wa tumboni mwako ni kansa, na kupasua hakusaidii tena. Nikamng'ang'ania anipe hata kitu kimoja cha kufanya. Akachukua karatasi, akaandika: uji mwepesi, maziwa, yai la kuchemsha, papai. Chumvi, mawese, pilipili na samaki wa kukaushwa, marufuku.

Karatasi ile niliibandika jikoni. Wewe uliyetulea sisi sita kwa kuanika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sasa nakulisha uji kwa kijiko. Boti zilizoleta bidhaa kutoka Kigoma ziliposimama kwa vita, nilizunguka mji mzima nikitafuta maziwa ya kopo, askari wamejaa barabarani. Wewe ulizidi kukonda. Mimi nikazidisha ukali, nikidhani kinachokumaliza ni kile kijiko kimoja ulichokiacha.

"Mutoto wangu, unipe ndagala moja tu, niiweke mu kinywa."

"Munganga alikataza, Mama."

"Munganga njo alinizaa?"

Nilicheka kusikia eti munganga ndiye aliyekuzaa, nikakupangusa mdomo. Kesho yake jirani yetu, Mama Faila, alikuja na sahani ya bukari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala waliopikwa kwa mawese. Nilimrudisha mlangoni. Ulisikia sauti yake, ukageukia ukutani, na tangu hapo hukuniomba kitu. Wiki haikuisha, ukatutoka.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikutana na munganga. Nilimshukuru kwa karatasi yake, nikajisifu kwamba sikuivunja hata siku moja. Alinivuta pembeni, kama siku ile.

"Mama, ile chakula haikukuwa dawa. Ulikuwa unalia sana, nikakuandikia kitu ya kufanya."

"Na ndagala?"

"Angekula tu."

Nilirudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Tangu siku hiyo napika chakula, watoto wanakula, mimi nakaa nawatazama. Siwezi hata kumkasirikia yule mtu. Alinihurumia mimi. Aliyekuwa na njaa ni wewe.

Lala, Mama. Nisamehe ukiweza.

Ni mimi, binti yako wa kwanza, niliyekulisha