Kivumbasi cha Mama Dafroza

Mama yetu Dafroza Nyamburi,

Mwaka umetimia leo, 14 Mei, tangu ulipotuachia nyumba ya Kitaji na makopo yako ya miche yaliyojaa barazani.

Ulikuwa mhudumu wa zahanati mpaka ulipostaafu, lakini watu walikujua zaidi kwa kivumbasi. Mgeni alikuwa hajaketi, umeshachuma jani, umelifikicha, umemwekea puani: "Nusa kwanza, shikamoo baadaye." Hakuna aliyetoka kwako mikono mitupu. Jirani yako Sara, uliyemgombeza kwa kumwagilia maji kupita kiasi, bado anakata vichwa vya maua vya kivumbasi ulichompa kila wiki ili kitoe matawi, na anawaachia nyuki vichache kama ulivyomfundisha.

Baba ulimkataza kabisa kugusa miche. Ulisema mkono wake unaua hata magugu. Alicheka, akakaa na chai yake kukusikiliza, miaka arobaini na moja.

Uliomba jambo moja: kaburi lako kule Butiama lisiwekwe saruji, lipandwe kivumbasi. Baba mdogo Ngolo hakupenda. Alisema kaburi la udongo litaonekana la mtu asiye na watoto. Tukakubaliana kwamba kisipoota hadi mwaka utimie, atalijengea.

Mama, tulihangaika. Mvua za vuli zilipoanza, mwanao Rhobi alitoka Nyasura na mbegu, tukachimba vishimo, tukafukia vizuri. Hakikutoka kitu. Mwezi wa kwanza tukarudia, tukachimba zaidi. Patupu. Mwanao Paschal akaanza kuulizia vigae vya kaburi. Tuliona aibu, tumelelewa na wewe halafu kivumbasi kinatushinda.

Mwezi wa tatu Baba alitukuta tena na jembe.

"Wekeni chini hilo," akasema. "Mama yenu alikuwaga anawagombeza wageni: kwani mbegu imekufa mpaka muizike? Hizi hazifukiwagi."

Akalainisha udongo, akapukuta vichwa vikavu juu yake, akabonyeza kwa kiganja na kunyunyiza maji kwa vidole. Akabaki kulala Butiama. Siku ya tisa alitupigia simu, akalia. Tulielewa kwamba kimeota, nasi tukalia.

Jumapili iliyopita Baba mdogo alikuja na fundi kupima. Akakuta kimechanua, nyuki wamejaa. Akachuma jani, akalifikicha, akanusa.

"Twende zetu, fundi," akasema. "Shemeji amekwisha kujengewa."

Unakumbukwa na mumeo Elias. Wanao Rhobi, Paschal na Bhoke. Shemeji yako Ngolo. Wajukuu zako wote, na majirani wa Kitaji. Watakaofika kwenye misa watapewa mbegu, na wataelezwa wasizifukie.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu. Na Baba ameomba tukuandikie hili: mkono wake umeotesha.