Jani la Isale kwa Babu Kaspari

Dada Rehema,

Shikamoo kutoka Mwika, ninakovaa masweta mawili huku watoto wa shule wakinicheka.

Wewe uliyeitangazia Tanga nzima kwamba mdogo wako ni bingwa wa macho, hebu nyamaza kidogo. Jana kwenye kliniki yetu ya serikali nilichanganya miwani ya wagonjwa wawili. Babu Kaspari akaondoka na miwani ya kusomea ya mama mmoja, akatumbukia kwenye mfereji wa migomba.

Leo nesi wetu, mwenyeji wa huku, kanipeleka kwa babu kuomba radhi. Kaniambia ukimpa Mchagga jani la isale, hawezi kukataa kukusamehe. Nikachuma moja tulipokaribia, nikampa babu kwa mikono miwili.

"Jani gani hili?" akauliza. "Mimi sioni."

Nikamvisha miwani yake niliyokuja nayo. Akaligeuzageuza jani, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Ni isale kweli. Nimekusamehe," akasema. "Lakini umelichuma kwenye uzio wangu."

Mwambie Mama nakula mtori mpaka shati linabana. Nawapenda, hata mkinicheka. Na miwani, dada, ilimkaa sawasawa.

Bingwa wako,
Bakari